Mwenza wa Bi Mkubwa

"Huyu siyo samaki wangu," alisema Mzee Bwire, na jinsi alivyonikazia macho nilijua ameshaniona mwizi.

Samaki mwenyewe nilikuwa nimemtoa ndooni sekunde chache tu zilizopita, mbele yake, nikamweka kwenye tangi dogo la vipimo chini ya taa nyeupe ya kituo. Chumbani hamkuwa na samaki mwingine ambaye ningeweza kumbadilishia, hata kama ningekuwa na nia hiyo.

"Mzee wangu, ndoo si umeibeba mwenyewe kutoka kule mlimani?"

"Nimeibeba."

"Na kifuniko si umekifungua mwenyewe?"

"Nimekifungua. Lakini wangu ni wa kijivu, binti. Kijivu kabisa, utadhani kapakwa majivu. Huyu kavaa kanga."

Kweli alikuwa kavaa kanga. Kutoka shavuni hadi mkiani alikuwa na mistari miwili ya buluu, myembamba, na tumboni palikuwa na rangi ya machungwa iliyokolea na kufifia kila alipopumua. Alikuwa furu jike, wale samaki wadogo wa ziwani, urefu wa kidole changu cha kati. Majike ya furu kwa kawaida hayana habari ya kujipamba, hiyo ni kazi ya madume. Nilisimama nikimtazama hadi nikasahau kumjibu mzee.

"Nyumbani tangi lako lina taa gani?" nikauliza hatimaye.

"Ya manjano. Ile ya kufukuza mbu. Marehemu mke wangu ndiye aliyeifunga, alisema nyeupe inamuumiza macho."

Hapo nikaelewa. Nilichukua jalada la plastiki la manjano mezani, nikaifunika taa nalo. Buluu ikapotea, machungwa yakapotea, na ndani ya maji akabaki samaki mdogo wa kijivu asiye na lolote la kusimulia. Mzee Bwire akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Eh! Bi Mkubwa!" akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Kumbe ni wewe, mama?"

Nikaondoa jalada, kanga ikarudi. Nikaliweka tena, ikavuliwa. Tulicheza hivyo mara nne au tano, mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita na yeye wa themanini na moja. Kwa miaka minne yeye na mke wake walikuwa wamekunywa uji mbele ya samaki huyu kila asubuhi bila kumwona alivyo.

"Bi Mkubwa ndilo jina lake?"

"Nyangeta alimpa. Alisema samaki huyu kaingia nyumbani na siku hiyohiyo kaanza kutoa amri, kwa hiyo yeye sasa amekuwa bi mdogo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi sikuja kuuliza jina. Nimekuja unitafutie samaki wa kukaa naye. Tangu Nyangeta aondoke, yuko peke yake."

Nyangeta, mkewe, alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Nilikuwa nimekwenda msibani.

*

Nimekuwa mtambuzi wa furu hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, mwaka wa kumi na nane sasa, na watu huniletea ndoo na maswali mawili tu: huyu ni nani, na akae na nani. Tangu ziwa lilipopumzishwa ili maji yake yapone, kila nyumba yenye nafasi hulea furu wachache mpaka siku maji yatakapokuwa tayari kuwapokea. Aliyezoea kumwona furu kama kitoweo cha mtu aliyekosa kitoweo, leo anamwita kwa jina na kumwombea afya. Nyumba hazifanani na samaki hawafanani. Ukimweka furu mkorofi na mpole, baada ya wiki una furu mmoja.

Swali la kwanza hujibiwa na Mlinganishi. Nilimpitishia Bi Mkubwa pamba ubavuni, nikachukua ute kidogo, nikaingiza pamba kwenye mdomo wa mashine. Kwa kawaida jina hutokea kabla sijafuta mikono. Safari hii mashine ilikaa kimya muda wa kutosha Mzee Bwire kunisimulia samaki huyu alivyopatikana.

Alipatikana kwa bahati. Huku kwetu hakuna anayeanzisha tangi kwa maji mapya, maana maji mapya huua. Unakwenda kwa ndugu mwenye tangi la siku nyingi, unaomba ndoo ya maji yake na sponji yake chafu ya kuchujia, na vile vijidudu vyema vilivyomo ndivyo vinavyolifanya tangi lako likalike. Tunaita kuombana maji, na mliyeombana maji ni ndugu hata kama mlikuwa hamsalimiani. Nyangeta aliomba kwa dada yake kisiwani Irugwa, ambaye naye alikuwa akichota kwenye kidimbwi nyuma ya nyumba. Wiki tatu baadaye kitu chembamba kama ukope kikaonekana kikiogelea tangini.

"Na kile kidimbwi?"

"Kilifukiwa. Wamejenga ghala."

Mlinganishi akalia. Juu ya kioo chake paliandikwa maneno mawili: HANA JINA.

Nilirudia vipimo mara tatu, nikabadilisha pamba, nikasafisha mdomo wa mashine kwa spiriti. Hana jina, hana jina, hana jina. Katika Daftari la Ziwa, lenye kila furu aliyewahi kushikwa na mtu mwenye kalamu, huyu hakuwamo. Nikavuta kiti nikakaa. Nilikuwa na furaha isiyo kifani kwa dakika nzima hivi, ndipo nikakumbuka sheria, nikamtazama yule mzee na ndoo yake.

"Mzee wangu, nina habari."

"Sema tu. Anaumwa?"

"Haumwi. Hajulikani. Asiyejulikana hupelekwa Hazina, Mwanza, ndani ya siku saba. Wanamsoma. Mwili wote, kipande kwa kipande, wakati bado yuko hai, na kutokana na kusomwa huko wanaweza kutengeneza wengine kama yeye elfu kumi na kuwarudisha ziwani."

"Na yeye?"

"Anayesomwa harudi, mzee."

Akageukia tangi. Nikamwambia haraka juu ya Kanuni ya Mwenza. Mtambuzi akithibitisha kwamba samaki anaye mwenza, ambaye ataishi naye miaka mitatu bila kuumizwa wala kuchanganya damu, samaki ataachwa kwa mlezi wake wakati dume lake likitafutwa. Asipopata, atasomwa.

"Basi si ndicho nilichokuja kutafuta?" akasema Mzee Bwire. "Mtafutie mwenza."

*

Dokta Kokugonza wa Hazina tulisoma pamoja, tukalala chumba kimoja miaka mitatu, na bado ananiita kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Nilipompigia simu alipiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Jike lenye rangi! Unajua maana yake?"

"Najua. Ndiyo maana nakupigia kabla hujasoma ripoti. Nataka siku zangu zote saba."

"Za nini? Mmoja. Mmoja kwa elfu kumi." Kisha sauti yake ikapungua. "Ana mlezi, siyo?"

"Ana mlezi."

Akashusha pumzi. Koku si mtu mbaya, na elfu kumi anaowasema si uongo. Nimewashika kwa mikono yangu furu waliotoka Hazina, nikawaachia majini pale Rubya, wakaondoka wazima kama samaki wowote. "Ijumaa saa sita mchana nitakuwa hapo na boksi la baridi," akasema. "Ukinionyesha mwenza, nitarudi nalo tupu. Lakini awe mwenza wa kweli."

Siku mbili zilizofuata Mzee Bwire alishinda kituoni kwangu. Mlinganishi huchukua rekodi za samaki wawili na kuwaigiza wakiishi pamoja miaka mitatu kwa dakika nne. Unaona vivuli vyao kwenye kioo cha ukutani, siku zikipita kama kufumba na kufumbua. Nilianza na madume. La kwanza lilimchana mapezi kabla ya mwezi wa pili. Dume pole lilikaa naye vizuri mno, mwezi wa nne Bi Mkubwa akawa na mayai mdomoni, maana furu huatamia mdomoni, na mashine ikakata palepale kwa kuchanganya damu. Majike yalimnyang'anya chungu alichozoea kujificha.

"Jaribu sato," alishauri mzee.

Sato akanenepa. Kufikia mwezi wa nane alijaa tangi.

"Huyo sasa ni wa kukaanga," alisema mzee.

Gogogo, yule samaki wa miiba na sharubu, alikoroma usiku kucha mpaka Bi Mkubwa akaacha kula. Nikaweka konokono, nikidhani konokono atamuudhi nani? Siku ya pili kivuli cha Bi Mkubwa kilimvuta kutoka kwenye gamba lake kama mtu anayetoa uboho mfupani, na Mzee Bwire akacheka hadi akashika mbavu. Alijivuna kama amezaa. Nilijaribu viumbe mia nne na sita. Jumanne jioni nilizima mashine, nikamwambia ukweli: hakuna.

"Mashine yako haimjui," alisema akivaa kofia yake. "Inamjua kwa ute tu. Njoo umwone nyumbani kwake."

Alikuwa na hoja. Juu ya kila tangi lililoandikishwa, watu wa Daftari hufunga jicho, kitu kidogo kama kifungo cha shati, linaloandika samaki anavyopumua na anavyotembea, na lolote linalosogea karibu na kioo ambalo lingeweza kumtia hofu. Kumbukumbu za miaka minne zilikuwa nyumbani kwake. Bi Mkubwa akarudishwa mlimani jioni hiyohiyo, na mimi nikaahidi kufika Jumatano asubuhi.

*

Nyumba yake ina sebule ndogo, na sebuleni viti viwili vimeelekea tangi kama watu wengine wanavyoelekeza viti kwenye televisheni. Kwenye kimoja palikuwa na kanga imekunjwa. Sikukalia hicho.

Ilikuwa saa nne. Mzee Bwire aliingia na kikombe chake cha bati kilichojaa uji wa ulezi, akaketi, na chini ya globu ya manjano Bi Mkubwa wa kijivu akatoka kwenye chungu chake kilichovunjika mdomo. Akaja moja kwa moja hadi kwenye kioo. Mzee akaegemea kushoto, samaki akaenda kushoto. Akaegemea kulia, naye kulia.

"Anataka chakula," nikasema.

"Chakula ni jioni. Asubuhi ni mazungumzo tu." Akanywa uji. "Nyangeta alipofariki, huyu hakutoka chunguni siku kumi na moja. Nilizihesabu. Sikuwa na kitu kingine cha kuhesabu."

Nilichomoa kumbukumbu za jicho, nikaziingiza kwenye kompyuta ndogo ya Mlinganishi, nikaiagiza itafute tena. Sikuwa na matumaini. Haikuchukua hata dakika. Ikaandika: MWENZA AMEPATIKANA. KIUMBE KIKUBWA, NJE YA KIOO. UFAAFU TISINI NA SITA KWA MIA.

Nilisoma mara mbili, kisha nikamsomea mzee kwa sauti.

"Kiumbe kikubwa ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Tisini na sita! Nyangeta hakuwahi kunipa zaidi ya hamsini."

Tulicheka wote wawili. Na bado tulikuwa tukicheka vivuli vilipoanza kutembea: kivuli kidogo ndani ya maji, na nje ya kioo kivuli kirefu kinachoketi, kinachoegemea, kinachoinuka. Mwezi wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili. Mwezi wa kumi na tisa kivuli kirefu hakikuja.

Nikaweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta.

Naomba nieleweke. Mlinganishi hakutengenezwa kuwapima watu. Lakini jicho lilikuwa limesikia pumzi za yule mzee na kuhesabu hatua zake kwa miaka minne, na mashine ikiambiwa huyu ni mwenza, hufanya kwake kile inachofanya kwa kila mwenza: humwangalia ataishi muda gani. Niliichukia siku ile kama sijawahi kuchukia kitu.

"Toa mkono," alisema Mzee Bwire.

"Kuna hitilafu, baba."

"Nyanjige. Toa mkono."

Nikautoa. Akasogeza kompyuta, akatazama kile kivuli kidogo kikienda na kurudi mbele ya kioo, halafu kikiingia chunguni.

"Mwezi wa kumi na tisa sipo. Nimekwenda wapi?"

"Labda umekwenda Bunda," nikasema, "kwa Wegesa." Wegesa ni binti yake.

"Bunda kuna nini cha kunikalisha miezi kumi na minane?"

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nayafuta kwa mkono wenye harufu ya samaki. Yeye alimaliza uji wake mpaka chini, akageuza kikombe kuangalia kama kimebakiza.

"Daktari alinipa mwaka," akasema. "Moyo umechoka. Mashine yako ina huruma kuliko daktari. Kwani wewe ulidhani namtafutia mwenza wa nini? Mimi na yeye tunatoshana. Nilitaka atakayebaki naye."

*

Siku ile sikurudi kituoni. Nilipita njia ya ufukweni hadi nyumbani, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ningeweza kukata kumbukumbu. Ilitosha nifute miezi ya mwisho ya pumzi zake, mashine ingemwona mzee mzima, kivuli kingeketi pale miezi yote thelathini na sita, na Koku asingejua. Nilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Upande wa pili kulikuwa na ziwa. Samaki elfu kumi wenye kanga, watoto wa watoto wetu wakiinama mtumbwini kuwaona. Nikimwacha Bi Mkubwa sebuleni na pampu ya hewa ikazima mchana mmoja wakati mzee amesinzia, aina nzima ya kiumbe itakuwa imetoweka duniani, na aliyeamua ni mimi. Hakuna namna ya kulisema hili likawa dogo.

Alhamisi saa nne nilipanda mlima kwa kisingizio cha kuangalia pampu. Pampu ilikuwa nzima. Mzee Bwire hakuuliza. Alichukua ile kanga kwenye kiti, akaikunja mara moja zaidi, akaiweka mapajani mwake.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Bi Mkubwa aliponiona alirudi chunguni, akabakiza pua. Mzee akamweleza mimi ni nani, kwa kirefu, pamoja na ukoo wangu na kasoro zangu alizoziona kwa siku chache. Baada ya kama nusu saa samaki akatoka hadi katikati ya tangi. Akasimama hapo, akitutazama. Nilijaribu kuegemea kushoto. Hakwenda popote, ila alisita, nami moyo ukanidunda kama msichana aliyeandikiwa barua.

Pale pale nikachomoa kumbukumbu za asubuhi ile na kuwasha Mlinganishi. VIUMBE VIWILI, NJE YA KIOO. Tukatazama pamoja. Vivuli viwili vikaketi na kuinuka. Mwezi wa kumi na tisa kimoja hakikuja. Kivuli kidogo kikaingia chunguni, siku kumi na moja, kisha kikatoka, kikaja kwenye kioo kwa kile kilichobaki, na kikaendelea kuja mpaka mwezi wa thelathini na sita.

"Huyo wa pili anatakiwa kila siku," alisema mzee polepole. "Saa nne. Hata mvua ikinyesha."

"Nimeona."

"Na wewe kwako hata kuku huna."

"Sina. Nilikuwa na paka, alihamia kwa jirani."

Nilitia alama ya kidole changu kwenye fomu, kwenye nafasi ya mwenza wa pili. Watu wameniuliza tangu hapo kwa nini, na nimewapa sababu nyingi za kitaalamu, zote nzuri. Ukweli ni kwamba nilimpenda yule mzee. Hizo nyingine nilizitafuta baadaye.

*

Koku alifika Ijumaa na boksi lake, akapanda mlima akihema, akaisoma fomu akiwa amesimama mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Mwenza wa kweli, kama ulivyotaka. Kanuni haisemi awe na mapezi."

Alianza kucheka, kisha akafika kwenye mwezi wa kumi na tisa, akamtazama Mzee Bwire, akaacha. Aliketi kwenye mkeka. Alipewa uji. Alimtazama Bi Mkubwa akifuata bega la mzee, kushoto na kulia, mpaka uji wake ukapoa.

"Akifa kwa ajali," aliniambia, "tumepoteza wote. Siyo wewe peke yako. Na mimi nitakuwa nilikuja hapa nikakaa kwenye mkeka huu nikamwacha."

"Najua, Koku."

"Dume utalitafuta wewe."

"Nitalitafuta."

Akaandika. Alipofika penye jina la samaki akanyanyua kalamu. Nilimtazama mzee, nikitarajia ataje jina la mke wake.

"Bi Mkubwa," akasema. "Ndivyo alivyoitwa. Nyangeta hakupenda kubadilishiwa mambo yake."

Basi katika Daftari la Ziwa, kati ya majina marefu ya kitaalamu, yumo furu bimkubwa. Koku akashuka mlima na boksi tupu. Na mimi nilipoinuka kuaga, mzee alinizuia, akachota ndoo ya maji kutoka tangini, akakata kipande cha sponji yake chafu, akavitia mikononi mwangu.

"Ukaanzishe lako," alisema. "Mwenza wa Bi Mkubwa hawezi kuwa mtu asiye na maji nyumbani."

Nilibeba ndoo ile hadi Nansio, ikinimwagikia miguuni njia nzima.

*

Mwezi wa kumi na tisa ulifika, ukapita. Mzee Bwire aliusherehekea kwa kuongeza sukari kwenye uji. Mwezi wa ishirini alisema, "Isalimie mashine yako." Wa ishirini na moja vilevile, wa ishirini na mbili vilevile, na mimi nikaanza kuamini, kama mpumbavu, kwamba ataendelea hivyo tu. Irugwa nilikwenda mara tatu na nyavu ndogo, nikachota kila dimbwi linalozidi upana wa karai. Dume sijalipata mpaka leo.

Mwezi wa ishirini na sita mzee alikwenda kumwona mjukuu wake mpya. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Kwa hiyo kweli alikuwa amekwenda Bunda.

Baada ya mazishi Wegesa alinipa funguo za nyumba. Globu ya manjano ilikuwa imeungua, nami nikaona ni heshima kuleta taa nyeupe nzuri ya kituo, ili Bi Mkubwa ajulikane na kila aingiaye na kanga yake. Nikakaa kwenye kiti changu saa nne. Hakutoka. Nilijua hatatoka. Nilikuwa na hesabu yangu ya siku kumi na moja na niliishika kama mtu anayeshika kamba.

Siku ya kumi na moja hakutoka. Ya kumi na mbili hakutoka. Chakula cha jioni kilielea mpaka kikaoza. Siku ya kumi na tatu Koku akapiga simu, na kwa mara ya kwanza hakuniita kwa lile jina la utani.

"Nyanjige, nije? Kama anakufa, ni bora nije."

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

Siku ya kumi na nne niliketi pale bila hata kikombe. Nilimwona pua tu, mlangoni mwa chungu, na ile mistari ya buluu ikimeta chini ya taa yangu safi. Nikakumbuka mzee akiwa ameinama kituoni, hasira zimemjaa, akisema huyu siyo samaki wangu.

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Miaka kumi na minane ya kazi na sikujiuliza kama yeye naye ananiona vilevile nikiwa kwenye mwanga huo. Tangu akiwa ukope alikuwa amezoea nyuso za manjano. Mimi nilikuwa mgeni mwenye uso mweupe kama chokaa, nimekalia kiti cha mtu.

Nilipekua kabati lote. Kwenye droo ya cherehani, kati ya nyuzi na sindano za Nyangeta, nikaikuta globu nyingine, imefungwa kwenye gazeti, ya manjano. Alikuwa amenunua ya akiba. Nikafungua taa yangu, nikafunga yake. Nikaenda jikoni nikapika uji wa ulezi, nikautia kwenye kikombe cha bati, nikarudi kuketi.

Alichukua muda. Kwanza pua, kisha macho, kisha wote, wa kijivu kabisa, utadhani kapakwa majivu. Akaja hadi kwenye kioo.

"Habari za asubuhi, Bi Mkubwa," nikasema.

Nikaegemea kushoto. Akaja kushoto.